Tusimwambie mama wa njiti kwamba hana maziwa

Kuna usemi mmoja unaotolewa kwa haraka mno katika wadi za watoto wachanga humu nchini: "Huyu mama hana maziwa." Husemwa na muuguzi aliyechoka, hurudiwa na nyanya aliyekuja kumjulia hali mjukuu wake, na hatimaye mama mwenyewe huuamini. Ukishafika hapo, safari ya kwenda dukani kununua kopo la maziwa ya unga huwa fupi sana.

Maoni yangu ni kwamba usemi huo, mara nyingi, si wa kweli. Mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na maziwa. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuyatoa, mahali pa kukaa akiyatoa, na zile saa za kwanza ambazo zilipita kabla ya mtu yeyote kumwambia aanze. Kumwita mama mkavu katika hali hiyo ni kumtwika lawama isiyo yake.

Jambo hili halihusu watu wachache. Mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni katika mwaka wa 2020, yaani karibu mmoja katika kila 10. Matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza katika kuua watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Kwa watoto hawa, maziwa ya mama ni sehemu ya matibabu, sawa na oksijeni na dawa wanazopewa.

Maziwa hutoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba mimba isipotimiza miezi tisa, matiti nayo hayajawa tayari. Sivyo. Kuanzia katikati ya mimba, titi huanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano. Hata mama anayejifungua katika juma la 28 huwa nayo. Kinachoyazuia yasitoke kwa wingi ni homoni za kondo la nyuma. Kondo likishatoka, homoni hizo hushuka, na ndani ya siku mbili hadi nne maziwa huanza kuongezeka.

Hata hivyo, kuongezeka huko hakuendelei kwenyewe. Kuna homoni mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza, prolaktini, huamuru titi litengeneze maziwa, na hupanda kila mara titi linaponyonywa au kukamuliwa, hasa usiku. Ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa yatoke. Hii ya pili husaidiwa na utulivu, na kumwona au kumgusa mtoto, na huzuiwa na hofu, maumivu na fedheha.

Kisha kuna kanuni moja ambayo kila mama angepaswa kuijua kabla ya kuondoka kliniki: titi lililotolewa maziwa hutengeneza mengine, na titi linaloachwa likiwa limejaa hupokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki. Likiachwa hivyo siku kadhaa, huanza kufunga kazi.

Mtoto aliyetimiza miezi huifanya kazi hiyo mwenyewe kwa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 34 kwa kawaida hawezi. Bado hajajua kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, hivyo hulishwa kwa mrija mwembamba unaopitia puani au mdomoni hadi tumboni. Maadamu mdomo wa mtoto haujaweza kazi hiyo, ni lazima mkono wa mama uishike. Mkono usiposhika kazi hiyo mapema, maziwa yatakauka, na hapo ndipo tutasema kwamba mama hana maziwa.

Saa za kwanza

Mama wa njiti anapaswa kuanza kukamua ndani ya saa moja baada ya kujifungua ikiwezekana, na isipite saa 6. Baada ya hapo akamue mara 8 hadi 10 kila saa 24, yaani karibu kila baada ya saa 3, ikiwemo angalau mara moja katikati ya usiku. Asikae zaidi ya saa 5 bila kukamua.

Sasa tazama yanayotokea mara nyingi. Mama amejifungua usiku, labda kwa upasuaji kwa sababu shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Mtoto ana uzito wa gramu 1,300 na amekimbizwa kwenye inkubeta. Mama amelazwa orofa nyingine. Asubuhi daktari anapita, anatazama kidonda, anapima shinikizo la damu, na kuondoka. Mchana jamaa wanakuja na chupa ya uji. Hakuna aliyetaja matiti. Siku ya tatu, anapoteremka akiwa kwenye kiti cha magurudumu kumwona mtoto wake kwa mara ya kwanza, anaambiwa: "Mama, leta maziwa." Anajaribu, anapata matone. Hapo hukumu inatolewa.

Matone hayo ndiyo yanayotarajiwa. Siku ya kwanza na ya pili, mama hupata matone au kijiko kimoja cha chai. Hakuna mtu anayepaswa kucheka au kuguna. Dang'a hiyo hufyonzwa kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano ili lisipotee tone, kisha humiminwa kupitia mrija au hupakwa ndani ya shavu la mtoto. Imejaa kinga za mwili. Watoto njiti hukabiliwa na ugonjwa hatari unaofanya sehemu ya utumbo ivimbe na kuoza, na unaweza kuua kwa muda mfupi. Wanaopewa maziwa ya mama huupata mara chache kuliko wanaolishwa maziwa ya kopo. Wale wanaoamini kwamba dang'a ni maziwa machafu ya kumwagwa wanamwaga dawa.

Kosa la "inatosha"

Lipo kosa jingine ambalo hufanywa kwa nia njema. Mtoto wa gramu 1,300 huanzishiwa mililita chache tu kila baada ya saa 3. Mama akikamua mililita 20, anaambiwa, "Inatosha, pumzika." Anafurahi na kupumzika. Anakamua mara tatu kwa siku badala ya nane, kwa kuwa kikombe kinatosha.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto anayelishwa kikamilifu huhitaji takriban mililita 150 hadi 180 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 1.5 atahitaji kama mililita 225 hadi 270. Lakini mtoto huyo huyo akifika kilo 4 atahitaji mililita 600 au zaidi. Titi halisubiri hadi siku hiyo ndipo liamue. Majuma mawili ya kwanza ndiyo yanayoweka msingi wa kiasi ambacho titi litaweza kutoa baadaye. Ndiyo maana lengo la mama liwe kufikia angalau mililita 500 kwa siku anapomaliza juma la pili, na 750 ikiwezekana, hata kama mtoto kwa wakati huo anatumia nusu ya kiasi hicho. Yanayobaki huwekwa kwenye barafu. Mama akamue kwa ajili ya mtoto wa miezi miwili ijayo, siyo kwa ajili ya mtoto wa leo pekee.

Jinsi ya kukamua

Wapo wanaodhani kwamba bila pampu ya umeme hakuna la kufanya. Mkono unatosha kuanzia, na katika siku za mwanzo mara nyingi unashinda pampu kwa sababu dang'a ni nzito na chache.

Mama anawe mikono kwa sabuni. Akae kwa starehe, aegemee, akande matiti taratibu kutoka pembeni kuelekea kwenye chuchu. Aweke kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwenye chuchu. Asukume vidole nyuma kuelekea kifuani, abane, kisha aachilie. Arudie kwa mwendo mmoja. Asiivute chuchu wala asiteleze vidole juu ya ngozi, kwa maana hilo huumiza na halitoi kitu. Matone yakipungua, azungushe vidole hadi sehemu nyingine ya titi, kisha ahamie titi la pili, halafu arudi kwenye la kwanza. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30. Ikiwa anaumia, njia anayotumia si sahihi, na amwite muuguzi amwonyeshe tena.

Mwenye pampu aitumie, ila asiuache mkono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, Daktari Jane Morton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba akina mama wa njiti waliotumia mkono mara nyingi katika siku tatu za kwanza, kisha wakaunganisha pampu na mkono, walipata maziwa mengi zaidi. Yaani hata huko kwenye mashine za kila aina, mkono wa mama bado ulikuwa na kazi.

Maziwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, chenye jina la mama, tarehe na saa. Nje ya friji yasipitishe saa 4, na katika joto la Mombasa au Kisumu ni vyema yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji, mtoto mgonjwa apewe yale ya siku mbili hivi, na wadi ikiwa na kanuni yake, ifuatwe. Mtoto akianza kuweza kumeza, alishwe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Chupa ni vigumu kuisafisha, na humzoesha mtoto chuchu ya mpira kabla hajajua titi.

Kifua kwa kifua

Mwaka wa 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alianzisha utaratibu wa kumweka mtoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu hospitali yake haikuwa na inkubeta za kutosha. Utaratibu huo, unaojulikana kama malezi ya kangaruu, ulionekana na wengi kuwa matibabu ya maskini. Leo hakuna anayeweza kusema hivyo. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2021, ulipata kwamba kuanza malezi hayo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto apate nguvu, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba njiti wawekwe kifuani kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, kuanzia mapema iwezekanavyo.

Kwa upande wa maziwa, faida yake ni kubwa vilevile. Mama anayemhisi mtoto wake akipumua kifuani hutoa oksitosini bila kuambiwa. Mara nyingi akikamua baada tu ya kumshika mtoto hupata zaidi. Na mtoto aliye karibu na titi huanza kulilamba na kulitafuta, hadi siku moja, kwenye majuma 34 hivi, analishika na kunyonya.

Mama analala wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Tunataka mama akamue kila baada ya saa 3, usiku na mchana, na amweke mtoto kifuani saa 8 au zaidi. Wakati huo huo, katika hospitali nyingi, mama huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili ilhali mtoto anabaki kwa majuma sita. Anatakiwa asafiri kwa matatu kutoka Kayole au Githurai, akiwa na kidonda cha upasuaji, alipe nauli kwenda na kurudi, akae kwenye benchi ya mbao, na akamue maziwa penye wapita njia. Wengine hukaa hospitalini kwa siku nzima bila chakula kwa sababu hawahesabiwi tena kuwa wagonjwa.

Kisha tunashangaa maziwa yamepungua.

Kitanda cha mama kando ya wadi ya watoto wachanga hakipaswi kuwa hisani. Ni chombo cha kazi, sawa na mrija na inkubeta. Hospitali inayojenga wadi ya njiti bila chumba cha mama imejenga nusu ya wadi. Sihitaji kuambiwa kwamba pesa hazitoshi, najua. Lakini kila siku ambayo mtoto anaongezwa hospitalini kwa sababu ya maambukizi au kutoongeza uzito ina gharama yake pia, na gharama hiyo hailinganishwi na bei ya godoro, sahani ya ugali na maharagwe, na pazia la kumsitiri mama anapokamua.

Isitoshe, kuna mengine yasiyohitaji bajeti mpya. Katika kila chumba cha kujifungulia, muuguzi au mkunga anaweza kupewa jukumu la kumfunza kukamua kila mama aliyezaa mapema, kabla hajapelekwa wadini. Daktari anayepita asubuhi anaweza kuuliza, "Umekamua mara ngapi tangu jana?" kama anavyouliza kuhusu homa. Karatasi inaweza kubandikwa ukutani ili mama aandike saa na kiasi.

Njahi, vidonge na jicho la mtu

Nyumbani nako kuna ushauri mwingi. Kuna njahi, uji wa wimbi, supu ya mifupa, na maji ya moto asubuhi na jioni. Sina ugomvi na njahi. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada na maji ya kutosha kukata kiu, na anayeletewa sufuria na mama mkwe wake ana bahati. Lakini sufuria haitoi maziwa kwenye titi. Njahi bila kukamua itamnenepesha mama, na titi litabaki likikauka.

Vidonge vya kuongeza maziwa vinavyouzwa kaunta kwa kaunta ni jambo jingine. Dawa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya tumbo na kichefuchefu. Mojawapo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na nyingine inaweza kuleta huzuni nzito kwa mama ambaye tayari analia. Daktari anaweza kuamua kuzitumia kwa mama fulani, baada ya kuhakikisha kwamba anakamua ipasavyo. Asizinunue mwenyewe.

Wapo pia wanaoogopa kwamba maziwa yakiwekwa kikombeni, jicho baya litayaharibu. Sitawadharau. Chombo kikiwa na kifuniko na mama akisitiriwa, hofu hiyo hutulia, na maziwa nayo yanakuwa safi zaidi.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Akiwa anatumia dawa zake kila siku na kufuata kliniki, mwongozo wa humu nchini ni kwamba amnyonyeshe mtoto wake, naye mtoto apewe dawa za kinga.

Nami sitadai kwamba kila mama atapata maziwa tele. Wapo waliopoteza damu nyingi mno, waliobakiwa na kipande cha kondo, au waliowahi kupasuliwa matiti. Hao wachunguzwe, na wasifokewe. Hata mililita 50 kwa siku ni kinga kwa mtoto. Kwa wakati huo wa upungufu, maziwa ya mama mwingine yaliyochemshwa kitaalamu ni bora kuliko ya kopo. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya akina mama nchini mwaka wa 2019. Maziwa hupimwa na kupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua viini. Benki moja kwa nchi nzima haiwezi kutosha. Hata hivyo, benki ni daraja la kumvusha mtoto hadi maziwa ya mamake yafike, na huwezi kujenga daraja ukaacha barabara.

Waajiri na akina baba

Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili. Kwa mama ambaye mtoto wake amelazwa majuma sita, karibu nusu ya likizo huishia kwenye benchi la hospitali. Mtoto anapofika nyumbani akiwa na kilo 2, mama anaanza kuhesabu siku za kurudi ofisini. Mwajiri mwenye utu anaweza kuongeza majuma hayo bila kusubiri kushurutishwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inataka mahali pa kazi pawe na chumba cha kunyonyeshea na kukamulia. Nendeni mwulize katika ofisi zenu chumba hicho kiko wapi. Msiridhike mkionyeshwa choo.

Akina baba, msisimame mlangoni na kuuliza tu, "Mtoto anaendeleaje?" Osha vyombo vya kukamulia. Beba maziwa hospitalini. Mwamshe mkeo saa tisa usiku, naye akikamua kaa naye. Mtoto anaweza kuwekwa kifuani mwako pia, na mama akapata usingizi wa saa mbili. Na jamaa akisema mkeo hana maziwa, wewe ndiye wa kwanza kumkatiza.

Kila Novemba 17 dunia huadhimisha siku ya watoto njiti, na hotuba husomwa. Kabla ya hotuba nyingine, ningewaomba wasimamizi wa hospitali zetu wapite katika wadi yao usiku mmoja na kujibu maswali matatu: mama wa mtoto huyu alianza kukamua saa ngapi baada ya kujifungua? Leo amekamua mara ngapi? Na usiku huu analala wapi? Wakishindwa kuyajibu, wasiandike kwenye faili kwamba mama hana maziwa.